Siku Tatu Ndani ya Maji: Kazi ya Bakteria Katika Muhogo Wetu



Katika nyumba nyingi za mashariki mwa Kongo, bugali ya muhogo ndiyo chakula cha kila siku. Mama anang'oa, anamenya, analowesha, anaanika, anatwanga, anasonga. Katika safari hiyo ndefu kuna hatua moja ambayo wengi wanaiona kama kungoja tu: zile siku tatu au nne ambazo muhogo unakaa ndani ya maji. Vita ikitufukuza, njaa ikibana, au mnunuzi wa soko akiwa na haraka, hatua hiyo ndiyo ya kwanza kufupishwa. Watu wanasema: "Umelowa, inatosha."

Mara nyingi haitoshi. Ndani ya maji yale kuna kazi inayofanywa na viumbe wasioonekana kwa macho, na kazi hiyo ina muda wake. Nataka kuieleza hatua kwa hatua, kwa sababu kuikatiza kumewaacha watoto na kina mama wengi wa nchi yetu wakiwa hawawezi tena kutembea vizuri maisha yao yote. Mimi ni mchungaji, si daktari wala mkemia. Lakini mambo haya yamechunguzwa kwa miaka mingi, na Wakongomani wakiwa kati ya wachunguzi, na yeyote anayejua jiko anaweza kuyaelewa.

Mabaki ya mmoja, kazi ya mwingine

Bakteria ni kiumbe kidogo sana, lakini kinakula kama sisi. Kinachukua sukari au kitu kingine, kinapata nguvu, na kinaacha mabaki. Mabaki hayo yanaweza kuwa asidi, yaani uchachu. Yanaweza kuwa pombe. Yanaweza kuwa hewa inayopanda juu kama mapovu. Maziwa yakiganda, uchachu tunaousikia mdomoni ni mabaki ya bakteria waliokula sukari ya maziwa.

Mara nyingi mabaki ya bakteria wa aina moja yanabadilisha mahali pale ili wengine waje. Wa kwanza wanamaliza hewa, na wale wasiopenda hewa wanapata nafasi. Wengine wanatia uchachu, na wale wasiovumilia uchachu wanakufa. Hivyo pipa la muhogo si maji machafu tu. Ni kama shamba linalolimwa kwa zamu, na kila zamu inatayarisha zamu inayofuata.

Sumu imefichwa wapi?

Muhogo una kitu kinachoitwa linamarini. Ni sukari iliyofungamanishwa na sumu. Ikiwa imefungwa hivyo, haiui mmea wenyewe. Ndani ya mmea huohuo, lakini mahali pengine, kuna kimeng'enya kinachoitwa linamarasi, ambacho kazi yake ni kukata linamarini. Vitu hivi viwili vinakaa mbalimbali kama watu wa vyumba viwili wenye ukuta katikati. Panya au mdudu akitafuna mzizi, ukuta unavunjika, vinakutana, na sumu inatoka. Hiyo ndiyo silaha ya muhogo.

Sumu inayotoka inaitwa sianidi. Inatoka kwa hatua mbili. Kwanza linamarini inakatwa, sukari inajitenga, na kinabaki kitu cha katikati ambacho bado kimeshika sianidi. Kisha hicho nacho kinavunjika, na sianidi inakuwa huru. Ikishakuwa huru ni nyepesi kuondoka: inachemka na kuwa hewa kwenye joto la digrii 26 hivi, joto la siku ya kawaida kwetu Uvira au Kalemie.

Hapa kuna jambo ambalo kila mpishi anapaswa kulijua. Sianidi iliyo huru inaondoka kwa urahisi, lakini linamarini iliyofungwa haiondoki hivyo. Inavumilia moto. Ukichukua muhogo mchungu na kuuchemsha moja kwa moja bila kuulowesha, moto unaharibu upesi kile kimeng'enya cha kukata, na linamarini inabaki nzima ndani ya chakula. Ndiyo maana mtu anaweza kupika kwa saa nyingi na bado akala sumu. Kwa muhogo mchungu, kupika peke yake hakuponyi. Unahitaji kwanza mtu wa kuvunja ukuta.

Wanaovunja ukuta

Wavunjaji hao ni bakteria. Muhogo uliomenywa ukiingizwa majini, siku ya kwanza bakteria wa kila namna waliotoka kwenye udongo, kwenye mikono na kwenye maji wanaanza kula sukari iliyomo. Wanatumia hewa iliyo ndani ya maji, na ndani ya siku moja hivi hewa hiyo imekwisha.

Hapo wanaingia bakteria wanaoweza kuishi bila hewa. Wengi wao ni wale wa asidi ya laktiki, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Wanakula sukari na kuacha uchachu. Maji ambayo mwanzoni hayakuwa na uchachu wowote yanakuwa makali: kwenye kipimo cha uchachu yanashuka kutoka 6 na zaidi hadi karibu 4. Bakteria wengi wa kuharisha hawapendi hali hiyo, kwa hiyo uchachu unakilinda chakula.

Pamoja nao wako wengine, jamii ya Klostridiumu na Basilasi, wanaotoa vimeng'enya vya kuyeyusha ile gundi inayoshikanisha chembe za mzizi. Gundi ikilegea, muhogo unakuwa laini, ukuta kati ya vile vyumba viwili unaanguka, na linamarasi ya mmea inakutana na linamarini. Baadhi ya bakteria wana pia kimeng'enya chao cha kukata linamarini, wakitafuta ile sukari iliyofungwa ndani. Ile harufu kali inayowafanya wageni wazibe pua inatokana kwa sehemu kubwa na asidi ya butiriki, mabaki ya hao Klostridiumu. Harufu hiyo ni alama kwamba wafanyakazi wako kazini.

Kwa siku tatu za kulowesha vizuri mahali penye joto, zaidi ya sehemu 90 kwa 100 za sumu zinaweza kuondoka. Usiku mmoja hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu usiku mmoja ni muda wa zamu ya kwanza tu. Hewa imekwisha, uchachu umeanza, lakini gundi bado inashika na ukuta bado umesimama.

Uchachu una faida na una kizuizi

Tukumbuke kile kitu cha katikati, ambacho bado kimeshika sianidi. Kwenye maji yenye uchachu mwingi, kinakaa bila kuvunjika. Kwa hiyo mabaki yaleyale ya bakteria yanayotulinda na vijidudu vya kuharisha yanachelewesha pia hatua ya mwisho ya kutoa sumu.

Ndiyo maana wazee wetu hawakutoa muhogo majini na kuupika palepale. Waliosha kwa maji safi, wakakamua, wakavunja vipande vidogo, wakaanika juani. Kuosha na kukamua kunaondoa maji yaliyobeba sumu. Jua linaongeza joto, kitu cha katikati kinavunjika, sianidi inakuwa huru na inapaa hewani. Kisha moto wa chungu unamaliza kilichobaki. Kulowesha, kukamua, kuanika na kupika ni kazi moja yenye hatua nne, na kila hatua inatimiza kile ambacho iliyotangulia haikuweza.

Maji yaliyomwagwa nayo yana mwendo wake. Ndani ya udongo kuna bakteria wengine wanaoweza kuivunja sianidi yenyewe na kuigeuza kuwa vitu visivyo na ukali huo, vyenye naitrojeni ambayo mimea inaweza kuitumia. Lakini wanahitaji muda na nafasi. Usimwage maji ya muhogo kwenye chemchemi ya kunywa, na usiwape mbuzi wala nguruwe.

Kazi ileile, lakini ndani ya tumbo

Sasa tufikirie mtu aliyekula bugali ya muhogo uliolowa usiku mmoja. Sehemu ya linamarini inapita mwilini na kutoka na mkojo ikiwa nzima. Lakini ndani ya matumbo yetu pia kuna bakteria, mabilioni kwa mabilioni, na wao pia wanatafuta sukari. Baadhi yao wanaikata linamarini kama wale wa kwenye pipa wanavyofanya. Wanachukua sukari na kuiachia sianidi huru. Kwenye pipa sianidi ilikuwa na njia mbili za kuondoka, maji na hewa. Ndani ya tumbo inaingia kwenye damu.

Mwaka 2021 watafiti wa Kongo na wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya bakteria wa tumboni mwa watoto wa Kahemba, eneo la Kwango lililoguswa sana na ugonjwa huu. Swali lao lilikuwa kama bakteria wa tumboni wana sehemu katika kuamua nani anaumwa na nani haumwi, hata watu wakila chakula kimoja. Sisi tushike hili: kukata linamarini kunapaswa kufanyika nje ya mwili, kabla ya kula.

Mwili nao haukuachwa bila ulinzi. Unaweza kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na ukali mkubwa kinachoitwa thiosianeti, kinachotoka kwa mkojo. Lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye vyakula vya kujenga mwili: maharagi, soya, karanga, mayai, nyama, sambaza, ndagala. Mtu anayekula bugali kwa sombe kidogo tu, asubuhi na jioni, miezi mingi, mwili wake hauna cha kutumia. Kwa hiyo sumu na umaskini wa chakula vinashirikiana.

Hata thiosianeti ina neno lake. Ikiwa nyingi inaizuia iodini isiingie kwenye tezi ya shingo. Katika miaka ya 1960 watafiti walikwenda kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu hapa kwetu. Waliona kwamba iodini ilikuwa chache kisiwani, lakini uvimbe wa shingo, yaani rovu, ulikuwa mwingi zaidi upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Upungufu wa iodini peke yake haukueleza tofauti hiyo, na muhogo ulionekana kuwa na sehemu yake. Chumvi yenye iodini inasaidia sana, lakini muhogo uliotayarishwa vizuri unasaidia pia.

Ugonjwa wenye jina la kwetu

Ugonjwa ninaousema unaitwa konzo. Jina linatoka kwa lugha ya Wayaka wa Kwango, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mara ya kwanza mwaka 1938. Unakuja kwa ghafula: mtoto aliyelala mzima anaamka, au anarudi kutoka shambani, na miguu yote miwili imekakamaa. Unawashika zaidi watoto waliopita miaka mitatu na kina mama walio katika umri wa kuzaa. Hauambukizi. Kwa kawaida hauongezeki baada ya siku za kwanza, lakini hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Wengine wanatembea kwa vidole, wengine kwa fimbo, wengine hawatembei kabisa.

Tazameni ulipojitokeza. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Ukame unaongeza sumu ndani ya muhogo, na njaa inawafanya watu wasingoje. Huko Bandundu, Daktari Banea na wenzake walieleza mwaka 1992 jinsi biashara ya muhogo kuelekea Kinshasa ilivyowafanya watu wapunguze siku za kulowesha, na konzo ikafuata. Na mwaka 2011 madaktari waliandika juu ya kutokea kwa konzo huku kwetu Kivu ya Kusini, katika eneo lililoumizwa na vita. Mara ni ukame, mara ni soko, mara ni vita, lakini mwisho ni uleule: siku za bakteria zimekatwa.

Tusimtafute mchawi

Hapa nazungumza kama mchungaji. Watoto wawili wa nyumba moja wakikakamaa miguu kwa juma moja, tunajua maneno yatakayosemwa kijijini. Watasema ni uchawi, watasema kuna aliyewatupia sumu, na jina la mjane fulani au bibi fulani litatajwa. Wapo waliofukuzwa kwao kwa maneno ya namna hiyo, na wapo waliouawa.

Nyumba moja inaumwa pamoja kwa sababu inakula chungu kimoja. Sumu ipo kweli, lakini haikutoka mkononi mwa jirani. Kanisa linalojua jambo hili linaweza kumlinda mtu asiye na kosa. Tuwaombee wagonjwa, ndiyo, na siku hiyohiyo tuwapeleke kituo cha afya. Mtu yeyote akitapika, akisikia kizunguzungu, kichwa kikimuuma sana na nguvu zikamwishia saa chache baada ya kula muhogo, asifungiwe chumba cha maombi. Sianidi nyingi inaua kwa saa, si kwa siku.

Tufanye nini nyumbani na kanisani?

Kwanza, tuhesabu kwa alama, si kwa siku peke yake. Uvira na Fizi kuna joto, na siku tatu zinaweza kutosha. Butembo na Lubero kuna baridi, bakteria wanafanya kazi polepole, na siku nne au tano zinaweza kuhitajika. Alama ni hizi: kidole kinaingia kwenye mzizi bila nguvu, unavunjika wenyewe mkononi, na nyuzi za katikati zinachomoka kwa urahisi. Mzizi ambao bado ni mgumu katikati haujamaliza, hata kama umekaa siku nyingi.

Pili, maji yaufunike muhogo wote. Ukianza pipa jipya, kuweka vipande vichache vilivyolainika vya pipa la zamani kunasaidia kuanzisha, kwa sababu bakteria wako tayari. Lakini bado uzitazame zile alama.

Tatu, kuosha, kukamua na kuanika juani visirukwe. Majani nayo yana sumu hiyo: sombe itwangwe vizuri kabla ya kupikwa, kwa maana kutwanga ndiko kunakovunja ukuta, kisha ichemke bila kufunikwa.

Nne, kwa aliye kambini au aliyenunua unga asioujua, iko njia ambayo Howard Bradbury wa Australia aliifikiria. Changanya unga na maji mpaka uloe, uutandaze kwenye sinia au turubai safi, unene usizidi sentimita 1. Uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya cha muhogo kilichobaki ndani ya unga kinaendelea kukata, na sianidi inapaa. Kisha usonge bugali siku hiyohiyo, usiuweke unga huo mbichi. Daktari Banea na Bradbury waliwafundisha kina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, njia hiyo, na katika muda walioifuata kijiji hicho hakikupata mgonjwa mpya wa konzo. Lakini njia hii haichukui nafasi ya kulowesha. Ni msaada wa juu yake.

Tano, tuongeze maharagi au sambaza kwenye sahani, hata kidogo, na watoto watangulizwe. Mara nyingi baba anakula samaki na mtoto anabakiwa na mchuzi. Kwa jambo hili desturi hiyo inaumiza, maana mtoto ndiye anayeshikwa na konzo.

Mwisho, vikundi vya kina mama katika parokia zetu vifundishane haya kwa vitendo, pipa likiwa mbele yao. Na familia zilizokimbia zikifika kanisani na muhogo mbichi, tusiwape sufuria tu. Tuwape unga au mchele wa siku tatu, ili muhogo wao upate kukaa majini. Msaada wa namna hiyo ni mdogo, lakini unanunua kile ambacho mwenye njaa hana, yaani muda.

Wapendwa, bakteria hawajui kama kuna vita, wala hawajui bei ya soko. Wanafanya kazi kwa zamu zao, na hakuna anayeweza kuwaamuru waende mbio. Tuwape siku zao, na watoto wetu watabaki na miguu yao.

Bwana awalinde.